Ua wa Minyaa Uliotembea

Kwako Yustina, mdogo wangu wa tumbo moja, uliye Kasulu,

Barua yako ya kujiuzulu uenyekiti wa kijiji imenifikia. Wifi yako Felista, mjane wa ndugu yetu Filbert, aliileta Jumanne alipotoka kukutazama. Bahasha haikufungwa, na juu yake umeandika kwa penseli: "Mwalimu, nisahihishie kabla haijaenda kwa mtendaji." Nimeisoma mara nne. Sijaisahihisha, na sababu yake nitaieleza.

Kabla ya hapo ujue jambo moja. Barua hii ninayokuandikia nimemwomba mtendaji wa kijiji aisome katika mkutano mkuu, Jumamosi ya wiki ijayo, kisha aibandike ubaoni nje ya ofisi. Yeye ni mtu wa mkoa mwingine, hana upande katika mambo ya ukoo wetu. Nakala ya kwanza ni yako, kwa sababu si haki watu wayasikie mambo haya kabla hujayasikia wewe.

Umeandika kwamba huwezi kuongoza kijiji ambamo kaka yako haitikii salamu yako. Mgeni akiyasoma maneno hayo ubaoni atadhani ni sababu ndogo. Sisi tuliozaliwa katika milima hii tunajua si ndogo. Kwetu salamu ni kazi. Mtu husimama, huweka mzigo chini, hupiga makofi taratibu, huulizia nyumba, ng'ombe, mvua na wagonjwa, ndipo lisemwe lililomleta. Anayesalimiwa akapita bila kuitikia ametangaza kwamba aliyemsalimu hayupo duniani. Mimi nimekufanyia hivyo tangu kiangazi kilipoanza.

Nataka nianze na siku ambazo salamu ilikuwa silaha yako.

Mwaka 2012 mlikwenda upande wa Nyabibuye kumsaidia mjane ambaye mashemeji zake walikuwa wamelima hadi kwenye kizingiti cha mlango wake. Mlikuwa wanawake kumi na wawili. Nami nilikuwapo, ingawa nilisimama barabarani pamoja na baiskeli yangu, kama mtu anayengoja gari. Mlifanya kama mlivyofanya siku zote tangu ulipokuwa msichana: mkalaza majembe yenu kwa mstari juu ya shamba lenye ugomvi, mkaketi nyuma yake, mkaanza kuambua maharage. Hakuna aliyeimba wala aliyetukana. Siku ya tatu akaja bwana mmoja wa ardhi, mtu wa Tanga, amekasirika kwa sababu ya matope.

"Nani kiongozi wenu hapa?" akauliza.

Ukainuka, ukainama, ukapiga makofi. "Kwanza umeamkaje, baba?"

"Nimeamka salama. Nimeuliza kiongozi—"

"Na mama watoto ameamkaje?"

"Yuko Tanga."

"Na huko Tanga wameamkaje?"

Wanawake wote kumi na wawili wakapiga makofi kuwaulizia watu wa Tanga. Nilimwona yule bwana akitazama viatu vyake, kisha akiwatazama ninyi, na hasira ikimtoka kidogo kidogo. Alipomaliza kuwajibu kuhusu mama yake mzazi aliyekuwa mgonjwa wa miguu, hakuwa tena na sauti ya kufokea mtu. Aliketi juu ya gunia lenu la maharage akasikiliza. Mjane yule analima shamba lake hadi leo.

Njiani kurudi ulisema, "Mwalimu, mtu akishakuambia ugonjwa wa mama yake, hawezi kukufukuza kama kuku." Nilikujibu kwamba utaratibu wa sheria haupaswi kutegemea ugonjwa wa mama wa mtu. Ukacheka ukasema, "Haupaswi, ni kweli."

Huo ndio uliokuwa mgawanyo wetu wa kazi. Wewe ulikaa chini mashambani, mimi nilikaa mezani. Kila malalamiko uliyopeleka Kibondo au Kasulu yalipita kwanza mikononi mwangu, nami niliyasahihisha kwa wino mwekundu kama nilivyowasahihishia walimu wanafunzi miaka yote ya chuoni. Nilipanga aya, niliondoa marudio, nilikukemea kwa kuandika kama unavyosema. Nilijiambia kwamba lugha ni yangu na madai ni yako. Jina langu halimo katika karatasi hata moja. Hukuwahi kuniomba niliweke, wala mimi sikujitolea. Nilikuwa mtumishi wa serikali, kisha nikawa mstaafu mwenye pensheni, na katika hali zote mbili niliona busara kukaa barabarani na baiskeli yangu.

Kuna sentensi moja katika malalamiko yale ya Nyabibuye ambayo lazima niitaje. Uliandika kwamba ua wa jirani ulikuwa "unatembea". Niliikata, nikaandika pembeni: "Ua hautembei. Eleza." Ukaja nyumbani ukaeleza, umesimama mlangoni na ndoo ya maji kichwani.

"Mnyaa hauna haja ya mbegu, Mwalimu. Unakata tawi, unalichomeka, linashika. Mwenye tamaa hang'oi mpaka. Anapogoa upande wake, na yale matawi anayachomeka upande wa mwenzake. Kila masika hatua moja tu. Mjane anakuja kushtuka ua uko kwenye jiko lake, na hakuna hata mtu mmoja aliyemwona mtu akiuhamisha."

Nikaiacha sentensi kama ulivyoiandika. Nilikusifu hata kwa uangalifu wako. Ulipoondoka nilitoka nje na panga kwenda kupogoa ua wangu, ule unaotenganisha shamba langu na la marehemu Filbert. Ilikuwa masika. Matawi niliyoyakata niliyachomeka upande wa pili, kama nilivyofanya masika iliyotangulia, na ile iliyotangulia hiyo.

Yustina, sitatafuta neno la kulipamba jambo hili. Nilijua. Mtu mwenye elimu yangu hawezi kudai kwamba mkono ulikwenda wenyewe. Nilijiambia kwamba Filbert amekufa, kwamba Felista ana mikono miwili tu na hawezi kulima eneo lote, kwamba udongo usiolimwa hupata magugu yanayovuka kuja kwangu. Nilikuwa na hoja kwa kila hatua ya ua ule, na kila hoja ilikuwa imepangwa vizuri.

Sasa nije kwenye mwaka 2014, ulipoombwa ugombee. Nilikuwapo uani kwako. Wanawake wale wale wa majembe walikuja, na Felista ndiye aliyesema kwa niaba yao.

"Mama Edina, tumekaa chini miaka yote hii. Tukimaliza kukaa na kushinda, wanaoamua wanarudi kukaa kwenye viti vyao, na mwaka unaofuata tunaanza tena. Nenda wewe ukakae huko."

Ulisema huwezi. Ulisema maisha yako yote umekataa kadi ya chama chochote, ili watu wa chama chochote waweze kukujia na shida zao. Keshokutwa yake wakaja mabwana wawili kwa bodaboda wakakueleza kwamba bila chama hakuna fomu.

"Na bila mume hakuna shamba," ukawajibu. "Naona katika nchi hii kila mlango una mwenyewe, na mwenyewe siye mimi."

Mmoja akacheka. "Mama, wewe una maneno. Utashinda."

"Sijasema nimekubali. Nimesema nimeona."

Lakini ulikubali, na kabla ya kukubali ulikuja kwangu. Nilikushauri usithubutu. Nilisema siasa itakuchafua, kwamba anayelalamika ana usafi ambao anayetawala hana. Ukanisikiliza hadi mwisho, kisha ukasema, "Nitaichukua kadi kama mtu achukuavyo mwavuli, Mwalimu. Si kwamba naupenda mwavuli. Mvua inanyesha, nami nina mahali pa kwenda." Nilikuona mkaidi. Siku ya kura nilikupigia wewe. Hilo sijawahi kukuambia, kwa sababu nilikuwa nimeshatangaza kwamba umekosea.

Ulianza kazi vizuri, kila mtu anakiri. Ulihamisha vikao vya kijiji kutoka jioni, ambapo wanawake wako jikoni, ukavileta saa nne asubuhi. Uliwazuia wazee kusema "tumekwishakubaliana" kabla ya jambo kusomwa. Ulikuwa ukikosea pia. Ulikawia kuandika, ulisahau ajenda, na nilipokukumbusha ulisema ajenda zimo kichwani. Lakini watu waliokuwa wakisubiri miaka walisikilizwa.

Baada ya masika ya mwaka huu Felista akaja ofisini kwako akanishtaki.

Mwanzoni sikuamini. Huyu ni mwanamke aliyekula nyumbani kwangu tangu msiba wa mumewe. Kisha nikafanya kile ambacho baba yetu angefanya, na babu yetu kabla yake: nilipeleka mtungi. Kwa wale watakaoisoma barua hii ubaoni na si wa huku, mtu mzima akishtakiwa hupeleka mtungi wa pombe ya ndizi kwa mkubwa wa shauri. Hausemi neno lolote, ni heshima tu. Mshtaki naye huleta wa kwake, wazee hunywa yote miwili, na hasira hupoa. Nilifundisha uraia darasani. Mtu akiniuliza rushwa ni nini, naweza kumpa fasili isiyo na dosari. Hata hivyo mtungi wa ndizi haukuingia katika fasili hiyo, kwa sababu nilikulia nao. Wala sikujiuliza kama Felista ana migomba ya kumtosha kuleta mtungi wake. Nusu ya migomba yake ilikuwa imeshavuka ua ikawa yangu.

Uliniudhi siku ile kuliko nilivyowahi kuudhiwa na mtu. Ulikuja na mtungi ule kwenye mkutano mkuu, umejaa hadi mdomoni, majani bado yamefungwa juu, ukauweka chini mbele ya watu wote.

"Mtungi huu umeletwa nyumbani kwangu," ukasema. "Haujapunguzwa hata funda moja. Mwenyewe ninamrudishia hapa ili pasiwe na mtu wa kusema ulinywewa."

Mtu mmoja wa nyuma akapaza sauti. "Mwenyekiti, jua kali hili. Tuusaidie?"

"Ukifika kwake umejaa, mwenyewe atamkaribisha amtakaye," ukajibu, na watu wakacheka. Kisha ukasema polepole, bila kunitazama: "Shauri lenyewe ni la nyumba yetu. Siwezi kulisikiliza. Nimelipeleka kwa baraza la ardhi la kijiji, na mimi nikiitwa huko nitakwenda kama shahidi, si kama mwenyekiti."

Hukutaja jina langu. Hapakuwa na haja. Mtungi wangu una ukanda uliosukwa na fundi anayejulikana. Kwetu mtungi hurudi ukiwa mtupu. Ukirudi umejaa, ni kama posa iliyokataliwa barazani. Niliuchukua mwenyewe, nikaubeba mbele ya watu niliowafundisha kusoma.

Baraza lilikuita. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu nilikumbuka jambo ambalo nilitumaini umelisahau.

Ulikuwa na umri wa miaka tisa hivi baba alipotugawia ardhi. Mimi nilisimama upande wangu na Filbert upande wake. Baba alichimba vishimo juu ya mpaka, na katika kila kishimo alimimina makaa, akayafukia, ndipo akachomeka minyaa. "Minyaa hufa," alisema. "Makaa hayaozi." Kikapu cha makaa ulikibeba wewe. Ulitembea juu ya mpaka kutoka mwanzo hadi mwisho, mikono yako ikiwa myeusi hadi viwikoni, ukimpa baba makaa kwa konzi. Kazi ilipokwisha alituambia mimi na Filbert tukumbuke. Wewe hakukuambia ukumbuke chochote, na hukupewa hata tuta moja.

Mbele ya baraza, pale shambani, hukuutazama ua wangu. Ulikwenda kwenye mafiga ya jiko la zamani la mama, yale yaliyozama kwenye majani, ukageuka, ukatembea hatua zako ukihesabu kwa sauti ndogo. Ulisimama katikati ya mihogo yangu. "Chimbeni hapa," ukasema. Shimo la kwanza halikuwa na kitu. Nikaanza kupumua. Ukasogea kidogo, ukasema, "Nilikuwa mtoto, hatua zangu zilikuwa fupi. Chimbeni hapa." Udongo ukatoka mweusi.

Mjumbe mmoja wa baraza alisugua kipande kidoleni akanionyesha. Kutoka pale hadi kwenye ua wangu palikuwa na hatua sita za mtu mzima, upande wa Felista.

Asubuhi iliyofuata tulikutana kwenye njia ya sokoni. Uliweka kikapu chini, ukasogea pembeni, ukainama, ukapiga makofi. "Mwakeye, Mwalimu," ukaniamkia. Nikapita. Nilisikia mikono yako ikiendelea kupiga nyuma yangu, taratibu, kana kwamba nilikuwa bado nimesimama pale. Siku ya pili ulinisalimu tena. Wazee wa ukoo waliniunga mkono, mmoja wao alisema, "Amepata kiti, sasa kaka ni nani kwake?" Wakaacha kuja kwako, na wake zao wakaacha. Wewe uliendelea kunisalimu kila tulipokutana, sokoni, kanisani, kisimani. Sikuwahi kuona mtu akisalimu vizuri zaidi.

Siku ulipoondoka kwenda kwa binti yako Edina kutibiwa mguu nilikuwa nimeketi kwenye benchi la duka, pale magari ya Kasulu yanaposimama. Mwenye duka, yule mzee wa Ujiji, alikuwa akipima sukari.

"Mwalimu, huyo si mdogo wako anayepanda gari?"

"Ndiye."

"Hata humuagi?"

"Nina haraka kidogo."

Akaitazama ile mizani, akanitazama mimi. "Haraka," akasema. "Umekaa hapo tangu saa mbili."

Walikusaidia kupanda, wewe na mguu wako uliofungwa khanga, na gari likaondoka. Nilibaki kwenye benchi. Mzee yule hakunisemesha tena asubuhi ile, wala hakunifukuza.

Wiki moja baadaye nilianza kuurudisha ua. Baraza lilikuwa limenipa muda hadi mvua zianze, nami nilikuwa nimekusudia kukata rufaa. Nilikuwa nimeandika kurasa tatu, hazina kosa. Nilizichana, nikachukua sururu. Ua uliokua kwa hatua sita hautoki kwa siku moja. Utomvu wa mnyaa ukaniingia jichoni nikalala siku mbili na kitambaa usoni, na aliyeniletea maziwa ya kuliosha ni Felista.

"Shemeji, ungeniita tusaidiane," akasema.

"Niliuleta peke yangu."

Akafikiri. "Haya. Lakini jicho ungelipeleka kwa watu mapema."

Sasa minyaa imo juu ya makaa, mwanzo hadi mwisho. Mihogo iliyokuwa katika eneo lile nimemwachia Felista ilivyo ardhini.

Nirudi kwenye barua yako. Mwishoni umefupisha kwamba unajiuzulu kwa sababu za kiafya na za kifamilia. Afya ni kati yako na daktari. Felista anasema daktari ameridhika na mguu na atakuruhusu kabla mwezi haujaisha. Sababu za kifamilia ni mimi. Siwezi kushika kalamu nyekundu na kuisafisha barua ambayo imeandikwa kwa sababu ya kosa langu, kisha nikairudisha ikiwa nzuri ili uondoke kwa lugha sanifu. Naiambatanisha kama ilivyo. Ukiamua kuipeleka kwa mtendaji, ipeleke kwa maneno yako, nami sitakulaumu.

Ila isipelekwe kwa sababu ya uongo. Kwa hiyo ninatamka mbele ya kijiji yale ambayo baraza limekwisha kuyaona na yale ambayo halikuyaona. Nilihamisha mpaka wa mjane wa ndugu yangu kwa muda wa miaka mingi, nikijua. Nilijaribu kumlainisha mwenyekiti kwa mtungi. Mwenyekiti alipofanya yaliyo sahihi nilimwadhibu kwa kumnyima salamu, na ukoo ukafuata mfano wangu kwa sababu mimi ndiye mkubwa. Hakuna aliyekosa katika jambo hili isipokuwa mimi, na wale walioacha kwenda kwake kwa ajili yangu nawaomba waende. Safari hii jina langu nimeliandika kwa ukamilifu katika nakala ya ubaoni.

Salamu zako ninazodaiwa kuziitikia ni nyingi. Sitaziandika hapa, kwa sababu salamu haiitikiwi kwenye karatasi. Wala sitasema "rudi" kwa ajili yangu. Mtu aliyekupita njiani hana haki ya kukuita. Hata ukibaki Kasulu pamoja na wajukuu, umekwisha kufanya kazi ya kutosha kwa watu kumi.

Naongeza moja tu, ambalo si langu. Jana Felista alipita hapa na jembe begani, akaniuliza kama nimekwisha kukuandikia. Nikamwambia ninaandika.

"Basi mwambie mvua zimeanza," akasema. "Mwambie watu wameingia mashambani, kila mtu na panga lake, na mwenyekiti hayupo."

Msalimie Edina na watoto. Mguu usiukanyagie hadi daktari aseme.

Ni mimi, kaka yako mkubwa.